Picha ya Kifuniko

Picha aliyoikumbatia kijana ilikuwa nyeusi tii, pembe hadi pembe, na alikuwa ameitia kwenye fremu ya kioo.

Alisimama mlangoni pa studio ya baba wa mchumba wake, shati limenyooshwa kwa pasi, jasho linamtiririka mgongoni. Mzee huyo alikuwa mpiga picha, na alikuwa ameshawatimua wachumba wawili. Safari hii alimwambia binti yake, "Huyu wa tatu aje na kazi yake mkononi niione. Nikiridhika, muoane. Nisiporidhika, asinipotezee muda."

Sasa kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kijana alikuwa mhudumu wa darubini inayozunguka dunia huko juu angani. Wenzake walipokea picha za nyota na mawingu ya rangi rangi. Yeye kila siku aliiamuru darubini ifunge kifuniko, ipige picha vivyo hivyo kwa nusu saa nzima, kisha akazikagua. Ofisini walimwita Bwana Giza. Angeweza kuazima picha nzuri ya mwenzake, lakini mchumba wake alikataa katakata.

"Baba ananusa uongo ukiwa bado barabarani," alisema. "Lete ya kwako."

Basi akakaribishwa ndani, mchumba wake akamfuata. Ukutani palijaa watu: maharusi, watoto wachanga, ukoo mzima wa binti. Aliyekosekana ni mama mkubwa peke yake, dada mkubwa wa mama yake binti.

"Ana haya huyo," mzee alisema haraka kijana alipouliza. "Akiniona na kamera anageuza uso. Haya, tuone kazi."

Akaipokea fremu, akaisogeza dirishani, akaigeuza juu chini.

"Hii picha ya nini?"

"Ya kifuniko, mzee. Kwa ndani."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. "Mke wangu! Njoo umwone mkweo mtarajiwa! Anapiga picha na kifuniko!"

Mama alitoka chumba cha nyuma na sinia la chai. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu, utadhani ana mtu anayemtafuta humo. "Mwache mtoto wa watu aeleze," alisema.

Kijana akajikaza. "Mzee, ukiangalia vizuri utaona vidoa vyeupe."

Mzee akachukua kioo cha kukuzia. "Naviona. Nyota?"

"Hapana. Ni kasoro za kamera yenyewe. Kifuniko kikifungwa, chochote kinachoonekana si cha angani. Mimi naviorodhesha, tunavifuta kwenye picha za wenzangu, na kinachobaki ndiyo nyota kweli. Bila hizi nyeusi tungekuwa tunatangaza nyota ambazo hazipo."

Mzee akaweka kioo cha kukuzia mezani, na kijana akaanza kupata matumaini. Kumbe anaigeuza fremu tu.

"Na mgongoni mbona patupu?"

Hakuna picha iliyotoka mikononi mwa mzee bila maelezo mgongoni, kwa wino wa kijani: ni nani, na anafanya nini. Akamsukumia kijana kalamu. Kijana akafikiri, akaandika, "Hakuna kitu." Mchumba wake akafumba macho.

"Ona sasa!" Mzee alinyoosha kidole kwenye rafu, ilipokaa kamera yake ya kwanza, kifuniko chake kimefungwa kwa uzi ili kisipotee. "Unaiona ile? Unachungulia kwenye tundu la juu, lenzi iko chini. Ukisahau kifuniko, hujui mpaka umeshasafisha filamu. Ndiyo maana fundi hasahau. Katika studio hii, miaka thelathini na mitatu, sijasahau hata siku moja!"

Mama akakohoa. "Kweli kabisa," alisema. "Katika studio hii."

Mzee akairudisha fremu taratibu. "Kijana, una adabu na umesema kweli. Lakini binti huyu nimempiga picha tangu siku aliyozaliwa. Nitamtoaje kwa mtu wa giza? Watu watanicheka."

Kijana aliipokea fremu yake, akaikumbatia tena. Alimpenda yule binti kuliko kitu chochote kilichopo chini na juu ya mawingu, na hakuwa na kazi nyingine ya kuonyesha. Mchumba wake alianza kulia bila sauti.

Mama akaweka sinia mezani. Akaingia chumba cha nyuma, na aliporudi alishika bahasha iliyogeuka rangi ya njano.

"Kabla hajaondoka, na hizi za harusi ya dada atuangalizie. Si ndiye mtaalamu?"

Mzee akaruka kama aliyekalia sindano. "Si ulisema umezichoma!"

"Nilisema nitazichoma."

Kijana akazitoa. Zilikuwa picha thelathini na sita, zote nyeusi tii, pembe hadi pembe. Akageuza ya kwanza. Mgongoni, kwa wino wa kijani uliofifia, paliandikwa, "Bibi harusi akishuka garini." Akageuza ya pili. "Maharusi wakikata keki." Ya tatu, "Wazazi wa pande zote mbili."

Mzee alikuwa ameketi, uso ameufunika kwa viganja, mabega yakimtikisika. Ilichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Kaa, mkwe," alisema. "Kaa unywe chai."

Lakini mkwe alikuwa ameshafika kwenye ile ya mwisho. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko zote: "Mdogo wake bibi harusi, akicheka. Samahanini nyote, ndiye aliyenisahaulisha kifuniko."