Inchi Moja Upande wa Kushoto

Mshonaji alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, futi yake ya kupimia nguo mkononi, akilipima gari la mkewe kana kwamba anampima bwana harusi. Kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi juu yake. Kulia, inchi ishirini na moja. Kushoto, ishirini. Akarudia. Ishirini tena.

"Fundi, mbona huku kushoto pamelala?"

Fundi wa magari, mtu mwembamba ndani ya ovaroli iliyompwaya, alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa. Aliendelea kujifuta kwa muda mrefu.

"Labda mizigo, mzee."

"Mizigo inakaa nyuma, katikati. Huwa naipakia mwenyewe."

"Basi ni mtu. Springi iliyochoka ni ya upande wa abiria tu. Kuna mtu mzito amekaa hapa, barabara mbovu, mwaka mzima." Kisha akaongeza haraka haraka, "Mzito hasa. Si vijiti kama mimi na wewe."

Mshonaji aliikunja futi yake. Mke wake alikuwa mkaguzi wa shule. Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa njiani, shule za milimani huko, peke yake. Peke yake, ndivyo alivyosema kila wiki. Yeye ndiye aliyetaka gari liletwe gereji: tumbo la gari lilikuwa likikwaruza mawe, linyanyuliwe kidogo, libadilishwe shokapu, livalishwe matairi yenye meno. Mshonaji alijipa kazi ya kulileta. Wivu ulikuwa umemshika tangu siku alipomwona mkewe akijipulizia manukato mapya ili aende kukagua madarasa.

Mtu mzito. Hakuhitaji kutafuta mbali. Bosi wa mkewe alikuwa mteja wake, kiuno inchi hamsini na mbili, suruali yake moja inakula kitambaa cha watu wawili. Kila akija kupima, bosi yule alimsifia mama mkaguzi na kuchekacheka. Sasa mshonaji alikielewa kicheko kile. Suruali mpya ya bosi ilikuwa kwenye cherehani muda huo huo, na aliapa kuipunguza kiuno inchi mbili kabla ya kuikabidhi.

"Tuchague basi," fundi alisema, akipanga maboksi juu ya meza. "Springi mpya pande zote. Kunyanyua, inchi mbili zinatosha. Ukizidisha litayumba kwenye kona. Shokapu, chukua hizi laini. Matairi, haya ya meno ya wastani. Yale makubwa yanapiga kelele, watu hawawezi hata kuongea."

"Watu gani?"

"Nasema tu, mzee. Watu wowote."

Mshonaji alikwenda kugusa shokapu nyingine, nene, zilizopakwa rangi nyekundu. "Hizi ndizo ngumu? Kushoto nifungie hizi. Nataka atakayekaa pale ateme figo."

"Shokapu hufungwa kwa jozi, huwezi kuchanganya. Tena ngumu zitamtesa shemeji, na mgongo wake ule..."

"Shemeji yako anakaa kulia. Ndiye anayeendesha."

"Kweli," fundi alisema, akainamia boksi. "Kulia."

Mwishowe mshonaji alikubali zile laini, kwa shingo upande. Kilichomkera kuliko vyote ni kwamba alikuwa akimchagulia mwizi wake starehe, tena kwa uangalifu, akiuliza na maswali.

Aliketi juu ya tairi kuukuu wakati fundi anafanya kazi. Miaka kumi na tisa alikuwa na mwanamke yule. Siku ya harusi mashangazi walimtania kwamba bibi harusi akigeuka kitandani atamvunja mbavu, naye alicheka kuliko wote. Alimpenda vile vile alivyo, mnene na mwenye sauti kubwa, na magauni yake yote alimshonea kwa mkono wake bila kumwachia mtu mwingine hata pindo. Angempoteza angebaki na nini? Cherehani na vipande vya vitambaa.

Gari liliposhushwa kwenye jeki, alipima tena. Ishirini na tatu kulia, ishirini na tatu kushoto. Fundi alipogeuka, mshonaji alichora kistari kidogo kwa chaki ndani ya madigadi ya kushoto. Alhamisi gari likirudi angepima tena. Springi ikilala hata kwa unene wa uzi, angekwenda ofisini kwa bosi yule na mkasi wake mkubwa, liwalo na liwe.

Mkewe alifika saa tisa akitokea ofisini, maana ilikuwa Ijumaa, akinukia vizuri, akalizunguka gari huku akipiga makofi.

"Baba watoto! Limesimama mpaka naliogopa! Umechagua wewe?"

"Nimechagua mimi," mshonaji alisema, na licha ya yote aliona fahari.

"Hebu tulijaribu barabarani," fundi alisema. "Mzee, wewe baki hapa utuangalie kwa nyuma kama linayumba."

Mshonaji alisimama mlangoni mwa gereji. Mkewe alipanda upande wa abiria, na gari likainama kidogo kumpokea. Akavua viatu, akalaza kiti nyuma. Kisha, huku bado anamtabasamia mumewe dirishani, akafungua kidroo cha mbele, akatoa miwani ya kiume, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake na kumpa fundi.

Fundi akaivaa bila kushukuru, akawasha gari.