Bendeji za Usinipigie Kazini

“Mfunge!”

“Nikimfunga watajua!”

“Usipomfunga watamwona!”

“Wameshamwona, Odell! Farasi si sindano!”

Verna Stidham alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, bendeji nne nyekundu zimemning'inia shingoni. Kaka yake Odell, aliyewahi kupanda farasi wa mbio kabla tumbo halijamshusha, alikuwa ameshika mguu wa mbele wa farasi kama mtu anayesubiri simu ilie. Farasi mwenyewe, Usinipigie Kazini, alikuwa anatafuna kofia ya Odell. Mzima wa afya. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Mchana huo alikuwa anakimbia mbio za farasi wenye bei. Ukimwingiza wako humo, mkufunzi yeyote anaweza kumnunua kwa dola elfu tano: anaandika karatasi, anaitumbukiza kwenye sanduku la ofisini robo saa kabla ya mbio, basi. Wewe huulizwi. Mbio zikiisha anakuja mtu anamtundikia farasi wako kibati chekundu, unabaki na kamba mkononi. Na usipomwingiza humo, utamwingiza wapi? Mbio nzuri zote zilikuwa za matajiri.

Zamani Verna alikuwa anafundisha farasi kumi na wawili, karibu wote wa watu. Wenye farasi hao wakahama nao mmoja mmoja kwenda kwa Whit Crutcher, mtu wa mabanda katika majimbo matano na kofia nyeupe isiyojua vumbi. Amebaki huyu mmoja tu, wake mwenyewe. Na sheria ya uwanja huu wa Kentucky ni fupi: huna farasi, huna banda. Akichukuliwa leo, kesho Verna yuko kwa shemeji yake anauza matairi.

Na siku tatu mfululizo, Crutcher alikuwa anapitapita hapo.

“Jana kasimama nusu saa,” Odell alisema. “Ananusa. Mtu mzima anayesafiri kwa ndege yake mwenyewe, ananusa banda!”

“Mimi kaniuliza nani anamsugua huyu miguu. Nikasema mimi. Akasema, ‘Kila siku? Kwa mikono yako mwenyewe?’”

“Ukamjibuje?”

“Nikamwambia ya kuazima imekwisha.”

“Unaona? Anapeleleza miguu! Mfunge, dada. Wakiona bendeji watasema huyo mbovu.”

“Hapa kila mtu anamfunga farasi mzima. Wakiona bendeji watasema Verna anaficha dhahabu.”

“Basi usimfunge, waseme hatuna cha kuficha.”

“Tusipomfunga watajua tunajua kwamba wanajua.”

Wakatazamana. Farasi akameza kipande cha kofia.

Wakakubaliana mguu mmoja. Kisha wakagombana dakika kumi ni upi, maana yote ilikuwa mizima.

Farasi walipotolewa kuzungushwa mbele ya watu, Odell alitembea nyuma ya mkia akikohoa kwa niaba ya farasi. Alikohoa kwa uchungu, vizuri kabisa, hata mpanda farasi akauliza kama aitiwe daktari. Akachechemea pia, akitumaini farasi ataiga. Farasi hakuiga. Alitembea kama bwana harusi.

Ndipo Verna akamwona Crutcher. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, naye amesimama pale pale penye sanduku, mbele ya ubao wa matangazo, amevaa miwani, kidole kinafuata mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la kwanza.

“Kwisha habari yetu,” Verna alisema.

Farasi watano tu ndio waliojipanga. Siku hizi Jumatano hawapatikani zaidi ya hao. Watazamaji hawakufika arobaini, na wawili walikuwa wamelala. Geti likafunguka, na Verna, ingawa karatasi kama ipo ilishaingia sandukuni, akajikuta anafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini.

“Polepole, baba!” alimpigia kelele farasi wake. “Una haraka gani? Angalia maua!”

Usinipigie Kazini hakuangalia maua. Alishinda kwa urefu wa farasi watatu.

Akaja mtu wa kibati. Verna akamkumbatia farasi shingoni, akafumba macho. Akasikia viatu vinakuja. Vinakaribia. Vinapita. Kibati kikaenda kutundikwa kwa farasi wa mwisho, ambaye hakuwa na bendeji hata moja na alikuwa anachechemea kwa dhati.

“Tumepona!” Odell akaruka, akaanza kukohoa kweli.

“Bado,” Verna alisema.

Crutcher alikuwa anakuja. Peke yake, bila wasaidizi wake, akigeuka nyuma kila hatua mbili kama mtu aliyetoroka shule. Verna akaelewa: karatasi alichelewa kutumbukiza, sasa anakuja kununua kwa mdomo.

“Hauzwi!” alimpokea kwa mbali. “Leta mfuko, leta gunia, hauzwi!”

“Sitaki farasi, Dada Verna. Ninao mia mbili na kumi na mmoja.” Crutcher akavua kofia, akaizungusha mikononi. “Nawaona kwenye simu. Wana madaktari wao, wana ratiba yao, wana mtu wa kuwachana mkia. Juzi nilitaka kumshika mmoja pua, nikaambiwa nipange miadi.”

Odell akasahau kukohoa.

Crutcher akatazama nyuma mara ya mwisho, akashusha sauti.

“Samahani, pale ubaoni sikuona tangazo lako. Huna nafasi ya kazi hapa? Hata ya kuzoa mavi.”