Mteja wa Saizi Kubwa

"Hilo haliuzwi," Kristiana alisema, akalichukua gauni mikononi mwa yule mwanamke. "Lina mwenyewe."

Papo hapo akauonea aibu ukali wake. Mwanamke alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imeinua shali. Upepo wa Julai ulikuwa ukivurumisha vumbi katika soko la Sumbawanga, naye alikuwa amejitanda hadi puani, yanaonekana macho tu, yaliyozama ndani. Ni mtu mzima huyu, Kristiana aliwaza.

"Shikamoo, mama."

Mwanamke alikawia kujibu. "Marahaba," alisema kwa sauti iliyokwaruza. Akazunguka rundo la mitumba na kuketi kwenye kigoda kilichokuwa nyuma yake. "Mwenyewe ni nani?"

"Mteja wangu wa Kaengesa, anaitwa Cornelia." Kristiana alilikunjua gauni: la bluu, pana, la mikono mirefu. "Bonge la mama! Enzi za duka la ushirika hakuna nguo iliyomwingia. Alikuwa anaunganisha vitenge viwili, watu wanamcheka hadi kanisani. Mitumba ilipoanza kuingia, nikafungua belo langu la kwanza, nikampa gauni likamkaa sawasawa. Alicheza hapo hapo njiani. Soko zima likapiga makofi."

Mwanamke aliinamisha kichwa.

"Mume wangu aliponikimbia, ndugu zangu hawakuonekana. Cornelia alikuja na mfuko wa ulezi kichwani, akakaa kwangu mpaka nikaanza kula tena. Tulilala kitanda kimoja, mimi nimebanwa ukutani, sigeuki!" Kristiana alicheka, kisha akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Tangu mvua zianze hajaja. Kila nikifungua belo, gauni lililo kubwa kuliko yote namwekea. Watu wanayataka, nakataa."

"Na kama amekonda?"

"Cornelia? Wewe humjui, mama. Na Mungu asimpunguze hata kidogo. Moyo ule ungekaa wapi kwenye mwili mdogo?"

Nje ya kibanda mtu alikuwa akinadi mashati, na upepo ukapiga turubai mara kadhaa.

"Niruhusu nilishike tu," alisema hatimaye.

Kristiana alimpa. Mwanamke alilitandaza gauni magotini, akapitisha kiganja juu yake, taratibu, kama anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala. Alipolirudisha, alishika mkono wa Kristiana pamoja na kitambaa, akachelewa kuuachia.

"Una homa, mama," Kristiana alisema. "Mkono unaunguza. Nenda kapumzike. Lakini ukipita Kaengesa, mwambie Cornelia aje. Mwambie kama nimemkosea, anisamehe. Nina hamu naye."

"Hujamkosea."

Kristiana hakulisikia hilo vizuri. Mteja mwingine alikwisha kuanza kuchambua blauzi.

Flavian alikuwa akisubiri nje ya soko na baiskeli. Alimnyanyua mkewe bila shida, akamketisha nyuma, akamfunika miguu kwa koti lake.

"Umemuaga?"

"Sikuweza, baba Salome," Cornelia alisema. "Alikuwa ananisifia."