Walikaa Tu

"Hakuna cheti, hakuna ndoa," kaka wa marehemu alimwambia karani wa mirathi. "Walikaa tu pamoja."

Miaka kumi na tisa ya kukaa tu! Fundi cherehani, mwanamke aliyeishi na marehemu, alivitazama vidole vyake vilivyodungwadungwa na sindano. Marehemu hakuacha wosia, na nyumba waliyoijenga wawili ilikuwa inamponyoka mchana kweupe.

"Kwa hiyo kwenu huyu mama ni nani?" karani aliuliza.

"Si yeyote. Mpita njia." Kaka mtu akapapasa mifuko akitafuta kalamu ya kutia sahihi fomu ya mirathi, asiipate. Akamgeukia fundi, kwa mazoea yake yote: "Shemeji, hebu niazime kalamu."

Karani akainua kichwa. "Umemwitaje?"

Fundi alikuwa ameshafungua mkoba. "Chukua, shemeji," alisema kwa upole.