Sanduku la Kufuli Mbili

Sanduku lilikuwa na kufuli mbili, na ufunguo mmoja haukuwepo.

Ndani yake mlikuwa na vifaa vya kuweka vijiti vya uzazi wa mpango. Zahanati mbili za mji ule zilipewa sanduku hilo zitumie kwa pamoja, na kwa kuwa hazikuaminiana, kila moja ikatia kufuli yake.

Siwema alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati mojawapo, mkono umeshapanguswa spiriti. Mshono wa upasuaji wa tatu wa kujifungua ulikuwa bado unamvuta. Daktari alimwambia wazi kwamba mimba nyingine itamzika.

"Mwenye ufunguo wa zahanati ile nyingine yuko wapi, nesi?"

"Kaenda semina, dada'angu."

"Semina ya nini?"

Nesi Edina akatazama pembeni. "Ya kushirikiana vifaa."

Siwema akacheka kwa hasira. "Vunja basi! Mume wangu anarudi leo kutoka kambi ya miwa. Nimwambie asubiri semina iishe?"

"Nikivunja nafukuzwa kazi. Chukua hizi kondomu."

"Utakuja kumvalisha wewe?"

Hata hivyo alizichukua, akashusha mkono wa gauni, akaondoka. Siku ile ilimkosesha kibarua cha kupalilia, na mtoto wake mchanga alishinda kwa jirani bila kunyonya. Hayo angeyafidia kesho; mimba ya usiku ule asingeweza.

Alipofika nyumbani alikuta begi la mumewe juu ya kitanda, na mwenyewe yuko bafuni, anaoga huku anaimba.