Mkono Uliobaki Begani

"Mfute huyo," mteja aliniambia, kidole kikigonga kioo cha kompyuta yangu. Huyo alikuwa mdogo wake. Niliwapiga picha pamoja kwenye harusi ya kaka yao, na kesho yake wakanuniana.

Mimi sifuti mtu. Naweka maski juu ya picha: nikipaka brashi nyeusi mtu anafichika, nikipaka nyeupe anarudi. Ndugu wakikasirika nawajua, wana haraka.

Nikapaka. Zikaondoka nywele, yakaondoka meno yote thelathini na mawili, likaondoka gauni. Ukabaki mkono tu, vidole viwili vimebana begani kwa mteja.

"Na huo mkono."

Nikaukuza nisije nikakosea. Vidole vilikuwa vimeshikilia kamba ya gauni la mteja, na kamba yenyewe ilikuwa imekatika.

Mteja akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Ilikatikia mlangoni," akasema taratibu. "Akaishikilia kwenye picha zote. Kila ulipotuambia tucheke, ananinong'oneza, 'Dada, nikipiga chafya tumekwisha.'"

Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Basi mkono niuache?"

"Mkono bila mtu, fundi? Utanitishia wageni. Mrudishe mwenye mkono."

Nikabadilisha brashi. Meno yakatangulia kurudi.

Nilipogeuka, mteja alikuwa na simu sikioni. "We mtoto, uko wapi? Njoo studio tupige nyingine. Ndiyo, sasa hivi. Na uje na pini."