Mtani wa Mzee Nungunungu

Zamani hizo, wanyama nao walipokuwa na watani wa kuwatania msibani, Mzee Nungunungu alifariki. Alikuwa mkali, hakuna aliyemsogelea asichomwe miiba. Bintiye hakuweza kulia wala kutulia. Alikaa mkekani, akainuka, akachungulia chungu jikoni, akarudi.

"Marehemu alikuwa mpole," alisema Swala.

"Hakuwahi kumgombeza mtu," akaitikia Kobe.

Binti akainuka tena. Aliona kama wanamlilia mtu mwingine, na baba yake hajulikani alipo.

Ndipo akaingia Nguchiro, mtani wa ukoo, amejichomeka vijiti mgongoni, akichechemea na kufoka kama marehemu. "Nani kala viazi vyangu? Tokeni kwangu. Na wewe binti, umeshinda na njaa tena? Kula hicho kilichobaki, mjinga wee, kabla sijakuchoma."

"Nguchiro, huna adabu," alinong'ona Swala.

Lakini binti alikuwa ameshacheka, na kicheko kikageuka kilio. Akaketi, asiinuke tena.

"Huyo ndiye baba," alisema. "Nigombeze tena kidogo, mtani."